Kanuni za Msaidizi na Keki ya Tano

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Bosi Birthe kanipa kazi: niandike kanuni za msaidizi wa akili unde, huyu anayetuandikia programu. Aguse nini, asiguse nini. Hasa tawi kuu, yaani ile nakala wanayoitumia wateja kuwekea zamu za kufulia nguo kwenye mashine za pamoja za majengo yao.

Kipindi changu cha majaribio kazini kinaisha Ijumaa. Nikipata mkataba nitatoka saa tisa, nimchukue mwanangu Alma kungali na mwanga, maana huku Novemba saa kumi na moja ni giza tayari. Siku hizi namkuta wa mwisho kwenye kituo cha kulelea watoto, kaketi na ovaroli lake la baridi, kakumbatia mfuko wa viatu. Moyo unaniuma!

Desturi ya ofisi: ukiharibu tawi kuu, unaleta keki. Nimeleta nne tangu Oktoba. Kresten wa meza ya pili kaniambia, dada, si ufungue duka tu.

Jumanne, 4 Novemba

Kanuni ya kwanza: "Uniulize kabla ya kila kitu." Nikajiona waziri! Kufika saa sita kaniuliza mara sitini na moja. Aongeze nukta? Afute mstari mtupu? Jioni Alma kaomba maziwa, nikamjibu: imekubaliwa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemchunguza Kresten. Akiwa na mkate mweusi mdomoni, ukimwuliza chochote anajibu ndiyo, ndiyo. Wazo! Kanuni mpya: "Usiguse tawi kuu bila ruhusa ya Kresten." Likiharibika, keki ni yake. Nimeihifadhi haraka. Usiku huu nitalala kama mtoto. Alma bado hajalala.

Alhamisi, 6 Novemba

Limeharibika! Wakati wa chakula msaidizi kamwomba Kresten ruhusa, naye kabonyeza ndiyo huku anatafuna. Zamu zote za majengo arobaini zikaenda kwa mzee mmoja wa mji wa Horsens, mpaka Krismasi. Mzee kapiga simu: binti, mimi nina soksi jozi sita tu!

Nilifurahi kimyakimya. Birthe kauliza nani katoa ruhusa. Kresten kaja juu: na nani kaniweka mimi mtoa ruhusa?

Birthe akafungua historia ya mabadiliko. Kumbe na kanuni zenyewe zimo! Jina langu, siku, dakika. Na pale unapotakiwa kueleza sababu ya badiliko, nilikuwa nimeandika: "Keki zimenichosha."

Kaisoma kwa sauti.

Ijumaa, 7 Novemba

Keki ya tano. Ya chokoleti. Kresten kala vipande vitatu, kasema, mama Alma, mkono wako unazidi kuwa mtamu.

Birthe hakunigombeza, ndiyo mbaya zaidi. Kaniongezea mwezi mmoja wa majaribio. Eti angalau sababu niliyoandika ilikuwa ya kweli. Nikamkuta Alma gizani, wa mwisho tena. Nikambusu pua. Mwezi mmoja tu, mwanangu.

Na sasa nimeona kosa langu lilipokuwa: ile historia! Nimeandika kanuni mpya, nikaipeleka moja kwa moja kwenye tawi kuu bila kusumbua mtu: "Kila Ijumaa, msaidizi afute historia yote." Sababu: "Asijue mtu."

Mayai ya keki yaliyobaki nimempa jirani. Sitayahitaji.