Ombi la Kutiwa Jiwe Katika Gunia la Kimea

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Kimea,
Idara ya Mauzo ya Jumla.

YAH: OMBI LA KUTIWA JIWE, ANGALAU MOJA, KATIKA KILA GUNIA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba kiwanda kinaendelea vizuri, maana shida yangu imetokana na hilohilo la kiwanda kuendelea vizuri. Kichwa cha barua hapo juu hakina kosa la chapa. Naomba jiwe. Nivumilie nieleze.

Mimi ni fundi bomba mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimezibua masinki ya watu, na siku niliyostaafu nilijiahidi jambo moja tu: kupika bia yangu mwenyewe katika chumba cha nyuma, niinywe taratibu, nisiitwe na mtu yeyote ambaye choo chake kimefurika. Nilinunua sufuria kubwa, ndoo zenye vifuniko vya kubana, na mpira wa kuhamishia. Kilichobaki kilikuwa kimea, ile shayiri mnayoiotesha kidogo kisha mkaikausha. Hapo ndipo nilipokutana nanyi.

Wiki ileile gunia lenu lilipofika, na mama mkwe alifika. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto likaachwa mpaka hili lipone, na daktari akasema apumzike kwetu kidogo kabla ya kurudi kwake. Alipofunguliwa bandeji alisomeshwa herufi za ukutani, akazisoma zote hadi zile za chini zinazofanana na mchwa. Daktari akampongeza. Mama mkwe hakupongezeka. Wakiwa ngazini alimwambia mke wangu kwamba zile herufi alikuwa amezikariri kwenye foleni, kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Kipimo cha jicho, alisema, ni nafaka. Mwenye macho jiwe huliona kwenye ungo. Asiye nayo huliona kwa jino. Na kwake harudi mpaka alione jiwe, kwa sababu huko anaishi peke yake na hana wa kumchambulia.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, katika nyumba yetu mchele unatoka dukani ndani ya mfuko, umeshachambuliwa. Maharage hali kadhalika. Nafaka pekee iliyokuwa kwenye gunia, kama nafaka za watu wazima, ilikuwa kimea chenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukubwa wa gunia. Niliomba kimea cha kupikia mara moja, mkanijibu kwamba idara yenu inauza kwa jumla tu. Sawa. Gunia likapandishwa ngazi na dereva wenu, kijana mwenye adabu lakini anayehema sana, likawekwa chumba cha nyuma kwa sababu halikuenea penginepo. Mama mkwe naye amelala chumba cha nyuma kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kila nikienda kuchota kimea changu nabisha hodi kwanza. Nikiingia naulizwa kama nimekula. Nikisema nimekula, siaminiki, naletewa kiti. Nimeingia kuchota kimea nikatoka nimeshiba na kopo tupu mkononi, na si mara moja.

2. Usafi. Hili ndilo linaloniumiza. Mama mkwe aliazima ungo kwa jirani, akakaa dirishani, akaanza kuchambua gunia lenu kopo kwa kopo. Hakuna jiwe. Hakuna kijiti. Hakuna hata mdudu aliyekufa kwa heshima yake. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliuweka ungo kando, na jioni mke wangu akamkuta analia. Nafaka isiyo na jiwe haijaumbwa, alisema; mawe yamo, ila yeye hayaoni, na daktari amemdanganya kwa sababu ni mzee. Kesho yake akaanza upya kutoka juu. Mtoto mwingine hana ila mke wangu, na nisingependa kumwona analia kwa sababu ya usafi wenu. Tangu hapo gunia limechambuliwa lote na kurudiwa, na mimi siruhusiwi kupika punje ambayo haijathibitishwa.

3. Utamu. Kwa kuwa jicho halikumsaidia, mama mkwe aliamua kutumia jino. Anatafuna kimea akitafuta jiwe. Halipati, ila anapata utamu, basi anaongeza kingine. Majirani wakasikia kwamba kuna mama anatafuta jiwe na macho yanamsumbua, nao, kwa huruma, wakaja kusaidia: kinyozi wa chini, mke wake, na mama mmoja wa ghorofa ya juu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake isipokuwa bomba lake lilipopasuka. Wanakaa, wanachambua, wanatafuna, wanacheka mpaka naona haya kuwaambia kwamba ile ni bia. Gunia linapungua na bia hakuna. Nawauliza, mliona shida gani kukifanya kimea kichungu kidogo?

4. Msagaji. Nilipoona mambo hayaendi, nilichota ndoo moja ya kimea kilichothibitishwa nikakipeleka mashineni kwa bwana mmoja tunayemwita Poda, kwa jinsi unga wake ulivyo laini. Bia, kama mnavyojua, haitaki unga. Inataka punje ipaazwe tu, ivunjwevunjwe, maganda yabaki yawe chujio. Nilimweleza Poda kwa upole. Alinitazama kama niliyemtukania ukoo. Akasema kwenye mashine ile haijatoka chenga tangu aifunge, na haitatoka kwa ajili yangu wala ya mwingine. Akasaga. Ulitoka unga wa kupaka watoto wachanga. Nilipoupika ukawa gundi, nilipoimwaga gundi sinki likaziba, na mimi, mtu mzima niliyezibua nusu ya mtaa huu, nikaonekana nimepiga magoti chini ya sinki langu mwenyewe. Kinyozi alipanda kuuliza kama fundi ameshaitwa.

Mtasema Poda si mfanyakazi wenu. Ni kweli. Lakini kimea chenu kingekuwa na mawe, Poda angeihofia mashine yake, angekisaga shingo upande, na shingo upande ndivyo hasa bia inavyotaka kusagiwa.

5. Maandishi ya gunia. Mmechapa pale ubavuni, kwa herufi nyekundu: KIMECHAMBULIWA KWA MASHINE. Niliona nimepata ushahidi. Nikamwomba mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na anajua kusema na mama yake, amsomee. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hiyo mashine inakula nini. Tukasema haili. Akasema asiyekula hawezi kuchambua, kwa kuwa jiwe halitamuumiza. Halafu akafikiri sana, akafikia uamuzi ambao sikuutegemea: kwamba mimi ndiye niliyeyatoa mawe yote kabla hajafika, ili asijue kwamba haoni. Mkwe wangu ni mtu mwema mno, alisema, na alilisema kama kosa. Tangu siku hiyo ananiangalia mikono kila nikitoka chumbani.

Ndugu Mkurugenzi, nifanyeje? Mama mkwe siwezi kumlalamikia. Huyo ni mkwe. Mke wangu sithubutu. Poda alishanisaga. Mmebaki ninyi.

Kwa unyenyekevu naomba yafuatayo. Kwanza, kila gunia litiwe jiwe moja, lisiwe jeupe sana likaonekana dharau, wala la rangi ya shayiri likawa mtego. Liwekwe karibu na juu, maana wengine tuna haraka. Pili, ile mashine ipumzishwe, na mahali pake aajiriwe mtu mzembe. Wapo wengi, wana familia, na hawapati kazi inayolingana na kipaji chao. Tatu, maandishi mekundu yabadilishwe yasomeke: TUMEJARIBU.

Msidhani nazungumza kwa faida ya nyumba yangu peke yake. Siku hizi tunaletewa kila kitu kimeshachambuliwa. Mchele umechambuliwa, maharage yamechambuliwa, hata habari tunaletewa zimeshatolewa mawe na watu tusiowajua, na kazi yetu ni kumeza. Mtu anaweza kuishi mpaka uzeeni asijue kama ana macho. Kisha tunashangaa watu wanapochagua vibaya! Hawakupewa ungo wa kujizoezea. Kiwanda chenu kikirudisha jiwe moja tu, vingine vitafuata, na mtakuwa mmeliponya taifa kwa kokoto.

Iwapo ombi langu litakataliwa, nitalazimika kurudisha gunia, pamoja na mama mkwe aliye karibu nalo, kwa sababu hawaachani.

Msalimie kijana dereva, mwambie ngazi zetu bado zipo. Wasalimie walinzi, wapishi wa kantini, na yule dada wa simu aliyenijibu kwa upole kwamba kwa jumla ni kwa jumla. Mashine sina salamu nayo.

Ni mimi mteja wako mwaminifu, niliyechoka lakini sijakata tamaa,

Fundi Bomba Mstaafu,
ghorofa ya pili, mlango wenye ndoo.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni ikisubiri bahasha, nikaona kwa nini niwasumbue. Niliokota kokoto mlangoni, dogo kama punje, nikaliosha kwa sabuni, nikalitumbukiza kwenye ungo mama mkwe alipokwenda kunawa. Aliporudi aliliona kabla hajakaa. Kabla hajakaa, Ndugu Mkurugenzi! Alipiga kigelegele mpaka kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa. Kila mlango ulionyeshwa lile jiwe. Kisha akalifunga kwenye kitambaa chake, akafunga na mzigo, na leo asubuhi amerudi kwake. Pale mlangoni alinishika uso, akanitazama, akasema sasa ananiona vizuri, na kumbe nimezeeka. Akaniambia nile.

Chumba kimekuwa changu. Nilipaaza kimea kwa chupa, nikapika, na bia iko ndooni inachachuka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimeingia mara kadhaa kuiangalia. Nilibisha hodi. Nisiwafiche, nimemkumbuka mno yule mama, na majirani nao wamepita wakachungulia, wakaona ndoo, wakaondoka.

Daktari amesema jicho la kushoto nalo litapasuliwa mwezi ujao, na mama mkwe atakuja kupumzika kwetu kidogo. Kwa hiyo yafuteni yote niliyoandika hapo juu. Nileteeni gunia jingine, kubwa kuliko yote mliyo nayo, na mashine ifanye kazi yake bila huruma. Nikikuta humo jiwe hata moja, nitawaandikia.