Besi ya Marehemu Kiarie

Jumapili, 7 Februari 1971

Leo tena nimeshindwa na marehemu.

Nilivaa suti. Nilipiga viatu rangi mara mbili. Baada ya kanisa nikaenda kwa Virginia, anakoishi nyuma ya duka lake la nguo, na hotuba yangu ya kumwomba anikubali iko tayari kichwani. Kabla sijakohoa, akaweka ile santuri yake. Ni kwaya ya kanisa lao, walirekodi Nairobi, na mle ndani mumewe Kiarie anaimba besi. Kiarie alifariki mwaka wa sitini na nane. Lakini kila Jumapili anaimba, tena vikombe vinatetemeka kabatini!

Nikanywa chai. Nikasifu kwaya. Nikarudi nyumbani na hotuba yangu nzima.

Nitashindana vipi na mtu ambaye hazeeki, hagombani na mtu, na hakosei hata noti moja?

Jumanne, 9 Februari

Nimepata dawa!

Siri iko kwenye spika. Chama chao cha ushirika kiliponunua shamba la Mzungu kule Kaptagat, vitu vya nyumba viligawanywa kwa kura. Wengine walipata ng'ombe. Kiarie akapata spika mbili kubwa kama kabati. Watu walimcheka mpaka wakakaa chini, naye akazipakia kwenye mkokoteni akaenda zake akiimba. Hata mimi ningempenda mtu kama huyo. Hiyo ndiyo shida.

Sasa, mimi ni fundi wa redio. Ndani ya kila sanduku kuna spika kubwa ya sauti nzito na spika ndogo ya sauti nyembamba. Ile ndogo hupata sauti yake kupitia kapasita, kifaa kidogo cha umeme. Kapasita za Mzungu ni za zamani, zimekauka, kwa hivyo spika ndogo inanong'ona tu. Ndiyo maana Kiarie anatawala! Nikiweka kapasita mpya, akina mama wa sauti ya kwanza watapaa na kumfunika. Simfukuzi. Nampunguza tu.

Opiyo, fundi wa cherehani ninayegawana naye veranda, aliniuliza kama kweli namwonea wivu mtu aliye kaburini. Nilimwambia ashone suruali za watu.

Jumatano, 10 Februari

Nilimweleza Virginia kwamba spika zake zimechoka, zinataka matengenezo. Bure kabisa, kwa vile ni yeye. Aliniuliza kama zitaumia. Kama zitaumia! Nikamwahidi hapana, Mama Wacera, hazitaumia. Namwita hivyo kwa heshima, kwa jina la binti yake aliye shule ya bweni. Yeye ananiita Fundi. Miaka miwili sasa, Fundi tu.

Nikatoa kapasita za zamani, nikalehemu mpya. Aliketi karibu akinitazama, ananukia sabuni. Aliniambia Kiarie alikuwa akifungua masanduku hayo siku za mvua, anaangalia ndani, hagusi kitu, halafu anafunga tena ameridhika.

Tukajaribu. Ala! Kiarie yuleyule! Besi ileile! Akina mama wako mbali, unadhani wanaimba boma la jirani. Virginia akashukuru kwa adabu sana. Adabu ya kumhurumia mtu.

Ijumaa, 12 Februari

Nimerudi tena. Nimepima kapasita, nzima. Nimekagua waya, nzima. Nimepiga sanduku teke kidogo Virginia alipoenda kumhudumia mteja. Hakuna mabadiliko. Kila nikimaliza nafunika spika vizuri na vitambaa vyake, nanyoosha pembe, mtu asiseme fundi ni mchafu.

Opiyo anasema labda marehemu amekataa. Mjinga. Lakini jioni niliomba kidogo, kama tahadhari.

Jumapili, 14 Februari

Vitambaa!

Loo, aibu gani hii! Virginia ana mkono wa kufuma. Kila kitu nyumbani mwake kimevaa kitambaa cha uzi: viti, meza, redio, hata ndoo ya maji. Spika zimevaa vizito kuliko vyote, mpaka sakafuni. Sauti nyembamba zote zinafia humo. Na ni mimi, fundi mzima, niliyekuwa nazivalisha kwa mikono yangu!

Leo alivitoa kuvifua. Akaweka santuri. Mungu wangu! Akina mama wakapaa kweli. Ubeti wa kwanza, Kiarie hasikiki. Nikakunja nne. Nikaanza kuikumbuka hotuba.

Ubeti wa pili, nikasikia kitu. Mluzi mdogo, mwembamba, kwenye ncha za maneno. Virginia akasimama. Akaweka mkono mdomoni. Akasema huo ni mwanya wake. Kiarie alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, na alipoimba ulipiga mluzi. Akasema miaka hii yote anasikiliza, anajua kuna kitu kimepungua, na hakumbuki ni nini. Alikuwa amesahau. Alikuwa anaogopa kwamba anamsahau.

Akalia, akacheka, yote pamoja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mimi ni mtu wa maana sana.

Mkono una joto mpaka sasa. Lakini Elphas wewe! Ulitaka kumpunguza mume, umemrudisha nyumbani na meno yake!

Jumatatu, 15 Februari

Mpango mpya. Kapasita kubwa kupita kiasi. Spika ndogo itapewa kazi isiyo yake, ipige kelele puani, na Kiarie asikike kama mtu anayeimba ndani ya debe. Nilienda nikasema nakaza skrubu. Nikaziweka; vitambaa vya spika amevihamishia mezani. Dakika chache tu. Nikaondoka haraka kabla hajajaribu.

Sikumweleza Opiyo. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na cherehani yake.

Jumanne, 16 Februari

Aliniita dukani. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo!

Aliweka santuri nisikie. Akaniuliza pole pole, je, Kiarie ameshikwa na homa? Halafu akafunga gramafoni, akakaa, mikono mapajani. Akasema labda Mungu alimwazima ule mluzi kwa siku moja tu, na siku moja si haba.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema ni hitilafu ndogo, Mama Wacera, ndogo sana, ni kosa langu. Nikafungua masanduku palepale, nikarudisha kapasita zinazofaa. Nikaungua kidole, nikaendelea kulehemu. Mluzi ukarudi. Akafumba macho, akatabasamu.

Nampenda. Nampenda hata akitabasamu kwa ajili ya mwingine. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 18 Februari

Virginia amepita verandani kwetu. Opiyo akainama kwenye cherehani, akajifanya anatafuta sindano.

Aliniambia kwamba sasa amemsikia Kiarie vizuri, mzima mzima, na moyo wake umetulia. Akasema nije Jumapili. Nisije peke yangu. Nije na mzee wa kunisemea, kwa sababu kaka yake, Mzee Zachariah, atakuwepo. Akasema siku hiyo santuri haitapigwa.

Halafu akaniita Elphas.

Elphas! Nilibaki nimeshika redio ya mtu kifuani kama mtoto mchanga. Opiyo alikuja kunipa mkono, macho yamelowa, na yeye ni mtu wa kunicheka kila siku.

Jumamosi, 20 Februari

Mzee Wamalwa, jirani yangu, amekubali kunisemea kesho. Suti imepigwa pasi. Nina furaha mpaka chakula hakishuki.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Santuri haitapigwa. Kwa nini? Mwanamke ambaye hajakosa Jumapili hata moja! Nimelifikiria jambo hili tangu juzi na jibu ni moja: spika zimeharibika tena, na yeye, kwa huruma yake, hataki kuniaibisha mbele ya kaka yake. Maskini Virginia! Nimwache ateseke hivyo?

Nimeshona mfuko wa ndani wa koti. Chuma cha kulehemu kimeingia vizuri, na kapasita nne. Mzee Wamalwa amenionya kwamba akianza kuongea nisiseme hata neno moja.

Hakuna shida. Nitakuwa nyuma ya sanduku.