Milango Miwili na Biriani ya Walima

Mie nimeuza mitumba, nimechimba vyoo, nimejenga ukumbi Mwananyamala bila cheti hata kimoja. Nilikuwa nasema hapa mjini hakuna la kunishtua tena. Leo nimeadhirika mchana kweupe, jamani.

Namuoza binti yangu Rukia, walima ukumbini kwangu. Jofrey, fundi wa programu, kanitengenezea ya kuhesabu wageni: mlango wa kulia simu, wa kushoto simu. Mgeni akiingia mhudumu anabonyeza, namba inapanda kwenye skrini kubwa. (Skrini nimeiweka wakwe waione. Sijifichi.)

Jana Jofrey kaniomba, "Mzee, tumejaribu mlango mmoja tu. Tujaribu yote miwili kwa pamoja."

"Kujumlisha moja, Jofrey! Moja! Hata kuku anajua! Nenda zako."

Leo wageni wakaanza kuingia mmojammoja. Namba safi. Nikakaa, nikainuka, nikazunguka, nikakaa tena. Mara wakwe hao! Vigelegele, dufu, madera ya sare, wakasukumana milango yote miwili kwa mpigo. Namba ikajikongoja tu.

"Wamekuja wachache," nikamwambia mpishi, Bi Mwanahawa.

"Wachache? Baba Rukia, hebu geuka uwaone watu!"

"Unabishana na mashine?"

Nikashika kipaza sauti (nani alinituma?) nikatangaza: biriani imezidi, masufuria mawili yaende madrasa ya jirani! Makofi. Nikapunga mkono kama mgombea.

Masinia yakagawiwa. Yakaisha. Upande wa wakwe mikeka imejaa watu, sinia hakuna. Mama wa bwana harusi akaniita taratibu, ukumbi mzima unasikia:

"Mkwe, sie umetualika tunuse?"

Nikatimua mbio hadi madrasa. Watoto wanalamba vidole.

Nikampigia Jofrey.

"Mzee, kujumlisha moja ni hatua tatu. Simu inasoma namba ya pamoja, inaongeza moja, inairudisha. Zote mbili zikisoma hamsini kwa pamoja, kila moja inarudisha hamsini na moja. Wameingia wawili, kahesabiwa mmoja. Ilitakiwa moja ingoje mwenzake amalize."

"Ndiyo unaniambia leo?"

"Jana si ulinifukuza?"

Hivi naandika, wakwe zangu na madera yao wanakula chipsi kuku kwenye vikasha. Msinicheke. Chipsi, kuku, na bodaboda za kuzileta kutoka Sinza: shilingi laki sita, elfu kumi na nne na mia tano.