Mkwe Niliyemzika Mapema

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Dk. Brigita, msimamizi wangu wa tasnifu, kapiga simu nikiwa mapokezi, wageni wanaopanda Ngorongoro wamejazana na mabegi yao. Anataka sura ya nne Ijumaa hii. Sura ya nne ni matokeo ya utafiti. Utafiti sijafanya.

Nilitakiwa kwenda Olbalbal kuwahoji wafugaji wanavyouza ng'ombe wakati wa kiangazi. Mepukori, mlinzi wa hoteli yetu, ni wa huko. Aliniambia wanaume wamehama na mifugo kufuata maji. Nikitaka majibu nitembee nao. Kutembea, mimi, meneja msaidizi.

Nikaomba kuongezewa muda. Dk. Brigita akajibu kwamba chuo hakiongezi muda kwa mwanafunzi wa uzamili ila kwa ugonjwa mkubwa au msiba. Nikajisikia nasema nimefiwa na baba mkwe. Sauti ikatetemeka yenyewe, sikuilazimisha. Kanipa pole na mwezi mzima.

Baba mkwe, mzee Tluway, ni mzima, yuko kwake Endabash anavuna mbaazi. Baba yangu mwenyewe nisingeweza kumtaja. Huo ungekuwa uchuro.

Jumatano, 10 Septemba

Hyasinta tunasoma naye, ana duka la pembejeo hapa Karatu mjini. Tasnifu yake keshaikabidhi, na hakuna asiyejua. Leo kaandika kwenye kundi la darasa kwamba twende tukampe pole mwenzetu. Nikajibu haraka kuwa tumeshazika, familia inahitaji utulivu.

Akauliza mzee aliugua nini, maana juzijuzi alipita dukani kununua dawa ya wadudu na alikuwa anacheka. Nikasema presha. Presha haipigi hodi.

Marsela, mke wangu, hayumo kwenye kundi. Namshukuru Mungu kwa mambo madogo.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumekwenda Endabash kusalimia. Wazo langu. Lazima marehemu asionekane mjini.

Nilimshauri mzee asihangaike tena na safari za Karatu: vumbi, pikipiki, umri. Dawa, chumvi, chochote, aniagize mimi. Macho yakamlenga machozi. Akamwambia Marsela kwamba wakwe wengine humtembelea kuomba, huyu anakuja kumtunza. Akachinja jogoo. Mbaazi akatufungia mfuko wa kuondoka nao.

Majirani wote kawaambia mkwe wake anaandika kitabu cha ng'ombe. Akaniuliza kama na jina lake litakuwemo. Nikasema limo tayari, kwenye ukurasa wa shukrani. Ni kweli. Sikumweleza kwamba nimeliandika na neno marehemu mbele yake.

Paja la jogoo nililamba mpaka mfupa.

Jumatano, 17 Septemba

Kaka yake Marsela kapiga simu asubuhi. Mzee Tluway ameanguka shambani, amefia njiani kuelekea zahanati. Wanadhani presha.

Marsela alikaa chini jikoni, hakupiga kelele. Nikamshika bega. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba sasa mambo yamenyooka; kilichokosewa ni tarehe tu. La pili lilikuwa kwamba nilisema presha. Hapo chai ikanishinda.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumezika leo.

Watu wa darasa walikuja. Kumbe mteja alimwambia Hyasinta dukani kuna msiba kwa mzee Tluway, naye akadhani ni mambo ya baada ya maziko. Wakakodi gari, wakaleta unga na sukari. Dk. Brigita akiwa mbele, kajifunga khanga kiunoni kama mama yeyote wa Mbulu aendaye msibani.

Wamefika wakati wa kuaga mwili. Jeneza liko wazi, msalaba umeegemezwa pembeni na tarehe ya Jumatano. Dk. Brigita akausoma. Akanitazama. Halafu akaenda kwa Marsela, akainama, na kwa kuchanganyikiwa kabisa, si kwa ubaya, akamwambia, "Pole mwanangu. Mumeo Inosenti aliniambia baba alishafariki, hata kuzikwa mmeshazika. Nikamwongezea muda wa masomo."

Marsela akasema, "Jumamosi iliyopita baba alituchinjia jogoo."

Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Ulimzika baba angali hai?"

Nikamweleza kwamba lilikuwa suala la kiutawala tu. Ndivyo nilivyosema. Mama mkwe akanyanyuka alipokuwa ameketi karibu yangu, akahamia mkeka mwingine. Hyasinta alitazama chini. Nilitegemea atafurahi. Hakufurahi, na hilo liliniuma zaidi.

Kaburini nilishika koleo nitie udongo kama wakwe wengine. Kaka yake Marsela akalichukua mikononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi Karatu peke yangu. Marsela amebaki kwao, hakusema mpaka lini. Wazee walikaa jana. Wamesema mtu anayetamka kifo cha mwenzake amekiita, na nisikanyage pale mpaka watakaponiita. Nilitaka kuwaeleza kanuni za chuo. Hawakunipa nafasi.

Dk. Brigita kapiga simu. Muda ule wa mwanzo kaufuta. Kaniombea mwingine, mfupi, kwa huu msiba wa kweli, na akasema wazi kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya Marsela, si kwa ajili yangu. Niutumie kwenda Olbalbal.

Nimepika mbaazi za mzee. Nimeziacha sufuriani. Hotelini wananiita msomi wakicheka. Mzee Tluway aliniita msomi bila kucheka.

Alhamisi, 25 Septemba

Mepukori kaniambia kaka zake wamesogea huku wakiwa na ng'ombe waliobaki, Jumamosi yuko tayari kunipeleka. Nikamshukuru, nikamwambia haina haja.

Nimebadili mada. "Gharama za Misiba katika Kaya za Wakulima: Uchunguzi Kifani wa Endabash." Sijui kwa nini sikuliona mapema. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu, na kitaalamu hiyo inaitwa ushuhudiaji shirikishi. Kutembea hakuna. Dk. Brigita nitamweleza nikishamaliza. Ataona mwenyewe faida yake.

Vimebaki vipengele vichache. Nimemwandikia Marsela ujumbe: unga ulitosha au mliongeza, maharage yalitoka ghala la nani, yule dume wa ng'ombe aliyechinjwa msibani alikuwa wa zizini au wa kununua. Mwisho nikaweka pole.

Ameusoma. Hajajibu mpaka sasa.

Nimemwandika kama mhojiwa aliyegoma.