Mabati ya Enid

Jumapili, 13 Oktoba
Leo kanisani hapa Bwera tulichangia mabati ya Enid, mjane ambaye upepo uling'oa paa lake. Hema za kukodi. Spika kubwa kama kabati. Mgeni rasmi kutoka Kasese, tukamngoja na njaa. Nilitoa jogoo wangu kwenye mnada: ananunuliwa, anarudishwa, anauzwa tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Mwisho akapelekwa jikoni kwa ajili ya mgeni. Nachungulia, nani anamnyonyoa? Enid, na mtoto mgongoni.
Kisha Olivia wa kamati akatangaza kwamba hema, spika na soda zimelipwa, Mungu asifiwe. Mabati hakuna. Nikamuuliza kama Mungu ndiye atamfunika Enid mvua ikinyesha. Ati mukaka, yaani bibi, kaa, umezeeka.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mimi niliishia darasa la pili, lakini kutoa najua. Unamuuliza mwenye shida anataka nini. Nimemuuliza. Mabati. Watoto wanalala chini ya meza. Nitauza mbuzi mmoja kati ya wawili wangu. Bila kamati, bila upuuzi.

Jumanne, 15 Oktoba
Soko la Mpondwe. Mkongo mmoja amemchukua mbuzi, akisema mama, huyu iko muzuri. Pesa nzuri.
Lakini nikitoa kimya, Olivia atajifunza wapi? Nimemkodi Mumbere na pikapu yake, azunguke akitangaza shughuli yangu ya Jumamosi. Spika ndogo tu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mashahidi hawaji na njaa. Nimenunua mchele, nyama kidogo. Hema sitaki. Nimekodi turubai, tena pana. Mjukuu wangu Ronah anauliza pesa iliyobaki itanunua mabati mangapi. Nimemfukuza.

Jumamosi, 19 Oktoba
Sijawahi kuona. Umati. Olivia amekula mara mbili, bila haya. Nimewahubiria juu ya ufujaji mpaka koo limekauka. Halafu nikamkabidhi Enid kilichopatikana: mfuko wa misumari ya mabati. Misumari mizuri. Enid akaitazama, akatazama mawingu, akasema asante mukaka, nitaipigilia wapi. Watu wakacheka. Katika shughuli yangu.

Jumapili, 20 Oktoba
Mvua imepiga usiku kucha. Enid na wanawe wamelala kitandani kwangu, mimi kwenye mkeka. Asubuhi ameniomba kwa adabu nimpe tu mbuzi aliyebaki, atauza mwenyewe. Nimeshtuka. Mwanamke mzima, hajui msaada unavyotolewa. Nimemweleza kosa lilipokuwa: wenye pesa wa Kasese hawakusikia. Mbuzi nitamuuza Ijumaa. Mumbere ameniahidi spika kubwa.