Walinzi Watatu wa Kompyuta na Posa ya Kemilembe

Nyaishozi, Karagwe
20 Agosti 1998

Ndugu Mhariri,

YAH: MWANDISHI WAKO KUNIHARIBIA POSA YA BINTI

Natumaini hujambo pamoja na mitambo yako ya kuchapia. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima wa kahawa na migomba, na msomaji wako nisiyeruka hata matangazo ya vifo. Ninamlalamikia Bwana Projest, anayeandika safu ya kompyuta gazetini mwako.

Binti yangu Kemilembe, anayesomea uuguzi Denmark, alinitumia kompyuta ili tuandikiane barua pepe kwa waya wa simu. Tuliandikiana vizuri miezi mitatu. Kisha Bwana Projest akaandika kwamba kompyuta ya nyumbani yenye mlinzi mmoja ni sawa na isiyo na mlinzi. Ulinzi uwekwe tabaka juu ya tabaka. Nikamtii. Yaliyonipata ni haya:

1. Niliweka programu tatu za kuzuia virusi, na juu yake ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni. Mlinzi wa kwanza akamtangaza wa pili kuwa ni kirusi. Wa pili akamshtaki wa tatu. Wa tatu akawaweka wote wawili karantini. Tangu hapo, nikiiwasha kompyuta, maharage makavu yanaiva kabla haijaamka.

2. Tarehe 10 uliingia ujumbe kutoka ng'ambo. Walinzi hao, ambao hawajawahi kuafikiana jambo lolote, waliafikiana kwamba ni wa kutiliwa shaka. Wakaufungia bila kunionyesha hata jina la mtumaji. Nikasema, "Usalama kwanza," nikaenda kupalilia.

3. Mafundisho yale yakaniingia damuni. Niliona ni aibu kompyuta ilindwe kuliko mwenyewe. Nikaongeza mbwa wa pili, kufuli la lango, na neno la siri la kuingilia uani. Mke wangu, Celestina, alilisahau siku ile ile akashinda nje ya lango na ndoo ya maji kichwani.

4. Jumamosi tarehe 15 walifika wanaume sita waliovaa makoti. Mkubwa wao, ambaye sikumfahamu, alisema, "Mwalimu, mimi ni Anastazi wa Bugomora. Tumekuletea habari njema." Ndugu Mhariri, Bwana Projest aliandika kwa herufi nzito kwamba ujumbe wa mgeni unaoanza kwa habari njema usifunguliwe kamwe! Nikamwuliza neno la siri. Akajibu kwa upole, "Neno letu tutalisema tukishakaa." Basi nikawakaribisha katika ghala la kahawa, wakakaa juu ya magunia, nikakomea mlango kwa nje ili niwachunguze mmoja mmoja.

Mzee Anastazi akapaza sauti kutoka ndani: "Mwalimu, tumekuja kuposa! Binti yako hakukuandikia?"

Hapo nikaukumbuka ule ujumbe. Celestina ndiye aliyewafungulia. Walitoka na maganda ya kahawa kwenye makoti, wakakataa hata kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakabeba kreti zao za soda kurudi nazo Bugomora.

5. Tangu siku hiyo Celestina hasemi nami. Humwambia mbwa, "Polisi, mweleze mwenzako chakula kiko tayari." Hilo nalivumilia. Lakini Kemilembe ana miaka thelathini na miwili, na usingizi unanipaa nikifikiri kwamba nimemfungia mlango mwanangu mwenyewe.

Kwa hiyo naomba uniombe radhi katika ukurasa wa mbele, na Bwana Projest apelekwe Bugomora na mbuzi wa kwake, apige magoti mbele ya Mzee Anastazi, amweleze kwa nini habari njema ni hatari.

Nisalimie wapanga herufi, dereva wa gari la magazeti, na watoto wa nyumbani kwako wote. Bwana Projest usimsalimie.

Ni mimi, niliyelindwa kupita kiasi,
Gaudiosus Kamuhanda

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, Celestina akawang'oa walinzi wote kwenye kompyuta, na ule ujumbe ukafunguka. Kemilembe ameandika: "Baba, watu wa Bugomora watakuja tarehe 15. Kijana wao simtaki, na nimeona haya kuwaambia. Tafadhali wazuie kwa namna yoyote utakayoweza." Nafuta madai yote. Bwana Projest asiende Bugomora, aje huku. Mbuzi tutachinja sisi. Celestina, ambaye sasa anasema nami, anauliza kama ameshaoa.