Cheche Iliyochelewa

Faruku alikuwa anakunywa chai mgahawani, mtaa wa Mkomaindo, alipoliona lile gari: jekundu, dogo, la viti viwili, halina paa, la enzi ambazo vijana wa mjini walikimbizana na magari kwa starehe tu. Kikombe kikabaki hewani. Mtwara kulikuwa na mtu anayenunua vya zamani bila kuuliza vimetoka wapi, na Faruku alimpenda sana mtu huyo.

Mwenye gari, Baba Shamila, mkulima wa korosho, alilirithi kwa marehemu kaka yake. Alikuwa analing'arisha kwa sababu alasiri ile mjukuu wake Dadi alikuwa anatoka jandoni Newala, kwa wajomba zake, na babu aliapa mbele ya wakwe kwamba mtoto ataingia uwanjani ndani ya gari hilo. Wakwe walicheka. Aliyewahi kuchekwa na wakwe anajua inavyouma.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni fundi. Hebu niusikilize moyo wa gari lako."

"Marahaba, mwanangu. Usikilize."

Faruku akainama kwenye injini, akachora alama ya chaki ili asipotee, akalegeza nati ya distribuita, ile inayogawa umeme kwa plagi, na kuizungusha kidogo. Kisha akamwomba mzee awashe. Gari likatetemeka, likapiga: pah!

"Asubuhi halikufanya hivyo," mzee alisema.

"Ndivyo ugonjwa unavyoanza. Ni taimingi hiyo, mzee wangu. Petroli imeshafika, imekaa inangoja, cheche ya plagi ndiyo kwanza inatafuta viatu. Ikija, sherehe imeshahamia kwenye ekzosi."

"Inachelewa kama wakwe zangu."

"Mashine ya kupimia iko Newala kwa rafiki yangu. Natangulia nalo, tutakutana uwanjani. Nakuachia pikipiki yangu, usije ukanifikiria vibaya."

Baba Shamila akaitazama pikipiki, mpya kabisa. Akaitazama na ovaroli ya fundi, iliyonyooshwa kwa pasi, haina hata tone la oili. Akatoa ufunguo wa gari.

"Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie."

Faruku aliondoka anaimba. Alipanga kuirudisha distribuita kwenye chaki akishavuka mji, kisha apite Newala moja kwa moja mpaka Mtwara. Maskini, alisahau msimu. Mtoto akitoka jandoni huku, bunduki za gobori hulia, na mlio ukisikika hakuna anayebaki jikoni. Kwenye kijiji cha kwanza akapunguza mwendo kumpisha mbuzi. Pah! Pah!

Vigelegele vikajibu. Wanawake wakamwagika barabarani na kanga mkononi, ngoma ikaingia mbele ya gari, na mama mmoja mnene akafungua mlango akakaa kando yake na kapu la maandazi.

"Mimi Mama Hamida, bibi yake Dadi, dada wa Baba Shamila. Nilikuwa nangoja usafiri. Kumbe kaka hakusema uongo, gari lipo."

"Mama, mimi naenda gereji."

"Utaenda. Mtoto kwanza."

Kila alipoachia mafuta ili atafute upenyo, gari lilishangilia, na kijiji kingine kikatoka. Kwenye mlima injini ikachemka, nguvu ikaisha, watu wakasukuma wakiimba. Faruku jasho lilimtoka mpaka akaona haya. Mwishowe akasimama, akafungua boneti, akairudisha distribuita kwenye alama ya chaki na kukaza nati. Injini ikanguruma kwa utulivu. Safari hii angekimbia, lakini ngoma ilikuwa mbele, umati nyuma, na Mama Hamida ameushika ufunguo palepale kwenye swichi kwa mkono usio na andazi.

Uwanjani Newala wakwe walikuwa wamesimama midomo wazi. Dadi akapandishwa, amevaa miwani ya jua, na babu yake akalia bila kujificha.

"Umelitengeneza kweli, fundi," Baba Shamila alisema, akipokea ufunguo kwa dada yake. "Halikohoi tena. Sikutegemea."

"Nashukuru, mzee. Basi nipe pikipiki yangu niende."

"Ah, pikipiki. Ndiyo iliyonileta, tukawapita huko nyuma mnasukumana. Lakini hapo juu mlimani, karibu kabisa na uwanja, ikaanza kukohoa. Bahati nikakutana na fundi mmoja, akaisikiliza moyo."

"Akasemaje?"

"Taimingi," mzee alisema kwa huruma. "Mashine ya kupimia iko Mtwara. Ametangulia nayo."